Nimelala hoteli ya nyota tano usiku tatu, haya niliyokutana nayo ni kawaida au nilitakiwa niseme?

Mgeni_wa_Tisa

Wakuu salaam. Naomba nieleze yaliyonikuta alafu wenye uzoefu mnieleweshe, itakuwa ndefu kidogo mnivumilie.

Wiki iliyopita ofisi ilinipeleka mafunzo mji mwingine na safari hii wakatulipia hoteli kubwa ya katikati ya mji, nyota tano, usiku tatu. Jina siliweki maana nia yangu sio kuwaharibia. Nimelala gesti nyingi na hoteli za kawaida miaka yote ya kazi ila ya hadhi hii ilikuwa mara yangu ya kwanza na nilienda na hamu kweli, nilitaka nione hao wanaolipa hela yote ile kwa usiku mmoja wanapewa nini ambacho sisi wengine hatupewi.

Mapokezi yalikuwa mazuri sana. Nimefika saa nne kasoro usiku, begi likapokelewa kabla sijagusa mlango, lobi dari iko juu kama ghorofa tatu, marumaru, maua mabichi, harufu fulani ya mbao, na utulivu. Dada wa mapokezi hakubaki nyuma ya kaunta, alitoka akaja tukakaa kwenye makochi akanisajili palepale huku nakunywa maji ya baridi, jina langu alilitamka sawasawa mara ya kwanza na akaendelea kulitumia. Jamani nilijisikia mtu. Alafu akaomba kadi ya benki, akasema chumba kimeshalipwa ila wanashikilia kiasi kidogo kwa ajili ya matumizi ya ziada, nikasema haina shida, sikuuliza ni kiasi gani. Bado nipo kwenye lifti meseji ya benki ikaingia, na hicho kiasi kwangu mimi hakikuwa kidogo, ndio ilikuwa hela yangu ya kutembelea siku zote tatu.

Chumba kizuri, hilo sipingi. Ghorofa ya tisa, dirisha kutoka chini mpaka juu, mji wote unawaka taa chini yako, na kile kitanda nitakisifia popote, shuka zimenyooka mpaka unaona vibaya kuzivuruga. Lakini usiku ndio mambo yalipoanza. Kwanza taa. Nimezima zote ikabaki moja ndogo chini ya kioo cha bafuni, nimezunguka kila swichi kama robo saa, mwisho nikachomoa ile kadi ya mlangoni kwenye kile kikasha chake, taa ikazima na kiyoyozi nacho kikazima, na friji nalo kimya. Sasa mimi natumia dawa ya sindano ya sukari ambayo inatakiwa ikae baridi, kwa hiyo ikabidi nirudishe kadi nilale na taa inawaka. Saa nane usiku nimeshtuka nimelowa jasho, kiyoyozi kimejizima chenyewe. Nikikiwasha kinaenda nusu saa au saa moja kinazima tena. Katikati ya hapo namsikia jirani anaoga kama vile yupo bafuni kwangu, na lifti kila ikifika inalia ting, chumba changu kilikuwa cha pili kutoka lifti.

Siku ya kuondoka napewa bili ya vinywaji viwili vya kwenye friji. Sijanywa chochote, nilivisogeza tu ili dawa ipate nafasi. Nilikuwa nachelewa gari nikalipa kesh nikaondoka.

Ila kuna kitu kimoja ndio kimenifanya niandike. Usiku wa kwanza pazia lilikuwa halifungi vizuri katikati, taa za nje zinanipiga machoni, nikachukua taulo nikalibana pale kwenye mwanya, likawa linaanguka anguka. Asubuhi nimeondoka nimeliacha chini pale dirishani. Jioni narudi, taulo limebadilishwa, na pazia limebanwa katikati kwa hanga ya kabatini, ile yenye vibanio vya suruali, limekaa vizuri hata nyuzi moja ya mwanga haipiti. Miwani yangu niliyoiacha wazi mezani imewekwa juu ya kitambaa safi. Waya wa chaja umekunjwa. Hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna aliyegonga mlango kuniuliza. Kuna mtu aliangalia taulo chini akaelewa kwamba mgeni wa chumba hiki hakulala vizuri. Nilikaa pale kitandani nikaguswa kweli, kuliko lobi, kuliko marumaru, kuliko ile mandhari ya dirishani. Na sikumuona mpaka naondoka.

Sasa nauliza, ile hela iliyoshikiliwa leo siku ya sita haijarudi, je ndio imeliwa? Na hayo ya kelele na kiyoyozi, nilitakiwa nilalamike usiku uleule? Mwenzangu tuliyekuwa naye kwenye mafunzo alisema kwenye hoteli za vile ukilalamika wanakuona hujazoea, nikanyamaza siku zote tatu na mpaka leo inaniuma. Na huyu mtu aliyenifungia pazia namshukuruje wakati hata jina simjui?

Kaunta_ya_Usiku

Mkuu pole, na hela yako haijaliwa. Nimekaa mapokezi hoteli mbili kubwa miaka saba, zaidi ya nusu ni zamu ya usiku, ngoja nikueleze inavyoenda.

Ile hela haikukatwa, imefungiwa. Mashine ya kadi inaiambia benki yako kwamba huyu mtu tengeni kiasi hiki msimruhusu akitumie, hela bado ipo kwenye akaunti yako ila huwezi kuigusa. Kwa mwenye kadi ya mkopo anapunguziwa tu kiwango chake cha kukopa kwa muda na wengi hata hawashtuki, lakini ukitoa kadi ya debiti ni hela yako ya mfukoni kabisa inakaa kifungoni, ndio maana wewe umeumia. Sasa angalia ulipokosea bila kujua: bili ya mwisho ulilipa kesh. Ungelipa kwa kadi ileile wangekata kutoka kwenye kile kiasi na kilichobaki kingeachiwa. Ukilipa kesh au kwa kadi nyingine, ile iliyofungiwa inabaki peke yake mpaka hoteli itume ujumbe wa kuiachia, na zamu ikiwa na foleni ya watu wanaotoka huwa inasahaulika, nasema ukweli. Hoteli isipotuma, benki itaiachia yenyewe muda ukiisha, ila kila benki ina muda wake, nyingine siku chache, nyingine inavuka wiki mbili.

Usisubiri. Wapigie hoteli, omba mtu wa hesabu au meneja wa zamu, mwambie ulikaa tarehe fulani chumba fulani ulilipa kesh na unaomba waachie na wakupe namba ya idhini ya ule muamala. Ukishapata hiyo namba ipeleke benki. Bila namba benki watakuzungusha tu.

Na siku nyingine kabla hujatoa kadi uliza mambo mawili, mnashikilia kiasi gani na je naweza kuweka kesh kidogo au nifunge kabisa huduma za ziada. Hilo linakubalika hoteli nyingi, tunaweka alama kwenye mfumo kwamba chumba hiki hakuna kuandikisha kitu, basi wanakuchukulia kidogo sana au hawachukui kabisa. Hakuna anayekushangaa, hata wageni wenye hela zao wanaomba hivyohivyo.

Vinywaji vya friji, hapo ulikuwa na haki ya kukataa palepale. Friji nyingine zina sensa chini ya kila chupa, ukinyanyua ikapita sekunde kadhaa haijarudi mfumo unaandika umekunywa, hata kama umeisogeza pembeni. Sisi tunajua hilo. Mgeni akisema sijanywa tunafuta, hatubishani, kwa kila zamu ya asubuhi nilikuwa nafuta mbili tatu. Ukiwapigia kuhusu ile hela waambie na hili.

Kulalamika sasa. Huyo mwenzako alikupotosha. Ukipiga simu saa nane usiku ukasema sipati usingizi, mimi pale kaunta nina uwezo, naangalia vyumba vilivyo wazi, nakuhamisha, namtuma mtu akubebee begi, kazi imeisha. Ukiniambia asubuhi unaondoka nina pole tu ya kukupa. Na ukiandika baada ya wiki sina hata hiyo. Hoteli haipendi mgeni alale vibaya kimyakimya, maana huyo harudi na hatujui kwanini. Chumba karibu na lifti lazima mtu apewe siku hoteli imejaa, na mara nyingi anapewa aliyechelewa kufika ambaye hakuomba kitu, vile vizuri vimeshaondoka mchana. Siku nyingine piga simu asubuhi ya siku ya kufika, omba chumba mbali na lifti, kisicho na mlango wa kuungana na chumba cha pili (ile milango inapitisha kila neno), upande usiotazama barabara. Usiombe vitu kumi, omba hivyo vitatu.

Tausi88

Ile taa ya chini ya kioo!! Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilishawahi kulala na taulo limefunika ile taa, usiku kucha naogopa isije ikashika moto. Kwanini wasiandike tu swichi ipi ni ya nini, hasa kwa sisi tunaosafiri na wazazi, mama yangu ana miaka 71 na usiku anaamka kwenda msalani, ile hoteli kila kitu ni cha kugusa kwenye kioo cheusi, haoni kitu, ikabidi nilale chumba kimoja naye.

Ndege_ya_Alfajiri

Mi naenda tofauti kidogo na wenzangu. Kazi yangu ni ya safari, kwa mwaka nalala hotelini usiku zaidi ya mia na nyingi ni hizo kubwa, na nikiwa na uhuru wa kuchagua siku hizi nachagua ya kati, safi, yenye watu wachache.

Watu tunachanganya nyota na raha. Nyota ni orodha ya vitu. Hakuna chombo kimoja cha dunia nzima kinachozitoa, nchi nyingine ni serikali, nyingine ni chama cha wenye hoteli, Ulaya nchi kadhaa zikaungana 2009 wakaanza kutumia vigezo vya pamoja, Marekani wana mashirika yanayopima kwa namna zao, na kote huko wanahesabu sana, mapokezi masaa 24, lifti, ukubwa wa chumba, sefu, huduma ya chumbani. Zile "nyota saba" unazosikia ni maneno ya watu tu. Kwenye orodha hiyo ni rahisi kuweka alama kwamba kiyoyozi kipo, lakini kama kinakuacha ulale hiyo ni habari nyingine. Kwa hiyo hoteli inaweka hela pale wageni na wapimaji wanapoona, lobi, na wewe hulali lobi.

Alafu vitu vyenyewe vinazeeka. Ritz ya Paris ilivyofunguliwa 1898 watu walishangaa bafu lipo ndani kwa mgeni na umeme unawaka vyumbani. Leo gesti ya kawaida ina bafu ndani. Hata hizo ghorofa za juu tunazozigombania, kabla ya lifti walikuwa wanawekwa watumishi na wageni wa bei ya chini kwa sababu ya ngazi, lifti ndio imegeuza.

Na hilo la pazia kaka usikasirike, ila hoteli hizo wanafundishwa. Kukunja waya wa chaja, kuweka kitambaa chini ya miwani, hiyo ipo kwenye mafunzo yao, nimeikuta nchi nne tofauti imefanana kabisa. Ni kazi nzuri lakini ni kazi. Mimi ningewapima kwa usingizi, na usingizi walikunyima.

Jambo moja muhimu ambalo sijaona mtu kalisema, ukishaingia chumbani kwenye jengo refu toka nje kwenye korido uhesabu milango mpaka kwenye ngazi za dharura. Moshi ukijaa huoni kitu, unapapasa ukuta unahesabu. Nafanya hivyo kila hoteli, hata nikichoka vipi.

Bi_Shuka

Nimesoma yote nikasema leo lazima niandike maana hii ndio kazi yangu iliyonilelea watoto, miaka 11 usafi wa vyumba, nne za mwisho nikiwa supavaiza.

Ndege, ni kweli waya na miwani tunafundishwa. Pazia hatufundishwi. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba ukikuta taulo dirishani funga pazia kwa hanga. Nilikuwa na vyumba 14 kwa zamu, ukitoa muda wa kupanga toroli na kusubiri lifti ya mizigo unabaki na kama nusu saa kwa chumba, na hapo kile cha mgeni aliyeondoka kinakula zaidi, kutandua, kutandika, kusugua bafu lote, nywele, vioo, vumbi, friji, kuhesabu. Godoro la hoteli ya hadhi ni zito, unalinyanyua pembe nne kwa kila kitanda, migongo yetu ndio inajua. Mtu akiwa kwenye mbio hizo akasimama akaangalia taulo akajiuliza limefikaje pale, alikupa dakika zake ambazo hakuwa nazo. Supavaiza akija kukagua anaangalia kama shuka imenyooka, hanga kwenye pazia anaweza hata kumwambia aitoe. Kwa hiyo mwanangu usikubali mtu akwambie ilikuwa ni utaratibu. Moyo wako ulikuambia kweli.

Sisi chumba tunakisoma. Mito yote imetupwa chini ukabaki mmoja, tunajua mito ilikuwa mirefu, tunakuletea mwembamba. Blanketi la kabatini limetolewa, ulipata baridi. Leso nyingi kwenye ndoo, una mafua, tunaongeza boksi. Viatu vya mtoto, tunaondoa glasi za chini. Mgeni hatuongei naye lakini tunamjua.

Kumshukuru ni hivi. Jina hulijui lakini una tarehe na namba ya chumba, hizo zinatosha kabisa, kuna karatasi ya mgao wa vyumba ya kila siku na inatunzwa. Mwandikie meneja mkuu, sio kwenye yale maoni ya jumla ya mtandaoni, andika barua pepe fupi, "tarehe fulani chumba fulani, aliyesafisha alifanya hivi". Eleza kitu chenyewe, hanga, pazia, taulo. Ukisema tu huduma nzuri inapotea. Hoteli nyingi wana kikao cha asubuhi, barua za namna hiyo zinasomwa mbele ya wakuu wa idara na inaingia kwenye faili lake, kwenye kupandishwa inahesabika. Katika miaka yangu yote niliandikiwa mara mbili, zote mbili ninazo.

Ukitaka kuacha bakshishi nayo, acha kila siku usisubiri siku ya mwisho, maana anayefanya chumba leo kesho anaweza kuwa mapumziko, ukiacha mwisho inachukuliwa na mwingine. Na iweke wazi juu ya mto na kikaratasi "asante", bila kikaratasi hatugusi, tunaogopa kuambiwa tumeiba.

Sasa dawa, hapo umenitisha. Usiweke dawa ya sukari kwenye friji la chumbani. Yale mengi sio friji la kweli, yanatengenezwa yasiwe na sauti ili mgeni alale, na baridi yake ni ya kupoza kinywaji tu, hayafiki ile nyuzi 2 mpaka 8 iliyoandikwa kwenye boksi la dawa. Mengine ndio hayo ukichomoa kadi yanazima. Sema mapokezi nina dawa ya baridi, watakuletea friji dogo la dawa au wataiweka kwenye friji yao kwa jina lako. Ni bure, na nimeshuhudia wageni wengi wakipewa. Ile uliyoweka siku tatu muulize mfamasia kabla ya kuendelea nayo.

Fundi_wa_Ngazi

Nimefunga umeme na mabomba kwenye majengo ya hoteli, niongezee upande wa ufundi kidogo.

Kiyoyozi chako hakikuwa kibovu. Ukutani au darini kuna kidude cheupe kidogo, kinaangalia joto la mwili linalotembea. Kisipoona mtu anajongea kwa muda kinaamini chumba kiko tupu kinapunguza au kinazima kiyoyozi, hoteli inaokoa umeme. Mtu ukilala umetulia chini ya duveti nene hakikuoni. Kikifungwa vizuri huwa kinaunganishwa na mlango, yaani mlango ukifungwa na mtu akaonekana mara moja ndani, kinajua yupo mpaka mlango ufunguliwe tena. Kikifungwa vibaya au mipangilio haikuwekwa ndio hayo yaliyokukuta. Ni kazi ya dakika kumi kwa fundi wa zamu, na zamu ya usiku fundi yupo, hoteli kubwa haiwezi kukaa bila fundi. Kingine, kama dirisha au mlango wa baraza una sumaku pembeni, ukiwa wazi hata kidogo tu kiyoyozi hakiwaki.

Kile kikasha cha kadi mlangoni, vingi vya zamani ni swichi tu ya kawaida ndani, kinahitaji kitu chochote chenye unene wa kadi, vipya vinasoma chipu. Wengine huomba kadi ya pili mapokezi wanaiacha mle.

Jirani kuoga ukamsikia, hiyo ni ramani ya jengo. Bafu mbili za vyumba jirani zinapangwa mgongo kwa mgongo na katikati kuna shimo moja refu linapandisha mabomba yote mpaka juu, inapunguza gharama sana. Ujanja huo unahusishwa na hoteli ya Statler ya Buffalo kule Marekani, 1908, waliotaka kila chumba kiwe na bafu lake, na mpaka leo tunajenga hivyohivyo. Bomba likigusa ukuta bila mpira wa kulizuia sauti, au wakiacha matundu wazi kwenye shimo, basi unasikia kila kitu, na hata ukihamishwa ghorofa nyingine kwenye mstari uleule wa vyumba sauti inakufuata. Omba mstari mwingine. Chumba cha kona mara nyingi kina jirani upande mmoja tu.

Dada Tausi kuhusu mama, muombe chumba kilichotengenezwa kwa wenye mahitaji maalum, hoteli nyingi kubwa wanavyo. Mara nyingi bafu lake lina vyuma vya kushika na milango ni mipana, na swichi zinakuwa chini kidogo, pale mtu anapofika kirahisi. Na msifunike taa kwa taulo tafadhali.

Mgeni_wa_Tisa

Nawashukuru wote kwa kweli. Nimekaa siku nne sijajibu nilitaka nije na majibu.

Hela imerudi. Niliwapigia nikafanya kama Kaunta alivyosema, aliyepokea akaangalia akaona kweli haikuachiwa, akaniomba radhi, akanitumia ile namba, benki wakaichukua na kesho yake jioni ikaonekana. Vile vinywaji viwili wamenirudishia pia, hawakuuliza swali hata moja.

Dawa nilimpelekea mfamasia, akasema nisiitumie kwa sababu hatujui ilifikia joto gani, nikapata nyingine. Bi Shuka hilo sitalisahau.

Barua nimeandika. Nimeeleza pazia, hanga, taulo, miwani, tarehe na chumba. Nimeeleza na kiyoyozi na kelele kwa utaratibu, Ndege upo sahihi kwamba usingizi sikuupata na sikutaka kuficha hilo, ila nimeweka vitu viwili hivi mbalimbali ili shukrani yake isije ikamezwa na malalamiko yangu. Jana meneja amejibu mwenyewe. Kasema barua imesomwa kikaoni asubuhi, kanitajia jina la huyo dada na kasema ana miezi mitano tu tangu aanze kazi. Jina lake nimelihifadhi, hapa siliweki.

Mwezi ujao narudi mji uleule, na ofisi imetuwekea hoteli ileile. Nimeshapiga simu nimeomba mbali na lifti, mstari mwingine wa vyumba, na friji la dawa, wamekubali yote. Fundi swali la mwisho, nikikuta kile kidude cheupe tena naweza kukiziba na karatasi kisinisumbue?

Fundi_wa_Ngazi

Usikizibe mkuu. Ukikiziba hakitaona mtu kabisa, kiyoyozi kitazima mapema zaidi. Wakati unaomba hayo mengine waambie waweke chumba chako kisizime usiku, wakikataa waambie wamuite fundi, yeye ataelewa.